Mzee ameandikiwa skani ya nyuklia ya moyo, amekataa kata kata. Nisaidieni kumwelewesha

MtotoWaArua

Habari zenu ndugu zangu, poleni na kazi. Mimi ni wa Arua ila saa hii niko Kampala nimeshuka na baba yangu, mzee ana miaka 64, sukari anayo siku nyingi na presha pia. Tangu mwaka jana akitoka sokoni kupanda kale kamlima ka kurudi nyumbani lazima asimame njiani, anashika hapa katikati ya kifua anasema panabana, halafu akikaa chini ya mti kidogo inapoa anaendelea kama hakuna kitu. Tukafanya ECG, kile cha kupima umeme wa moyo, wakasema iko sawa. Tukafanya eko, ile picha ya moyo ya mawimbi ya sauti, daktari akaangalia akasema moyo unasukuma vizuri na valvu hazina shida. Mimi nikafurahi nikajua tumemaliza, kumbe bado, daktari wa moyo akaandika karatasi ingine, anataka skani ya nyuklia ya kuangalia damu inafikaje kwenye moyo, mara moja akiwa amepumzika na mara ya pili moyo ukiwa umefanyishwa kazi.

Sasa mzee kusikia nyuklia tu, banange, amesema yeye hawekewi bomu mwilini na hatarudi nyumbani kuwachoma wajukuu. Na magoti yake ni mabovu, hio mashine ya kukimbia juu yake ataiweza wapi? Na mimi mwenyewe kusema ukweli sielewi, kama ECG na eko viko sawa hiki cha tatu kinatafuta nini, na kama wana wasiwasi na mishipa si waende moja kwa moja kwenye anjio, ile ya kupitisha waya mpaka moyoni, waone kwa macho? Mwenye kujua anisaidie, tuko kwa shangazi Kawempe tunasubiri mzee akubali au turudi na basi.

Boda_wa_Jinja

Vipimo viwili vimesema mzima, cha tatu ni cha kula pesa yenu. Mrudishe mzee nyumbani apunguze chumvi.

fundi_wa_gama

Pole ndugu, na mzee mpe pole. Mimi kazi yangu ni hio hio, niko upande wa mashine, si daktari, lakini wagonjwa wenye swali la mzee wako nawaona kila wiki so acha nijibu polepole.

Boda, wewe ngoja nikuulize kwa lugha ya kazi yako. Pikipiki ikiwa imesimama stendi injini inanguruma vizuri si ndio? Sasa weka abiria wawili na gunia la mkaa uipandishe kilima, hapo ndio utajua kama petroli inafika au bomba limeziba. ECG ya kulala kitandani na eko ya kulala kitandani zimepima moyo uko stendi. Mzee hasikii maumivu amekaa, anasikia akipanda mlima, na hio ndio habari kubwa katika maelezo yote uliyoandika hapo juu. Mshipa wa moyo unaweza kuwa umebanwa zaidi ya nusu na mtu akiwa ametulia damu inayopita bado inatosha, moyo haulalamiki, ECG haionyeshi kitu. Ukianza kufanya kazi ndio misuli inataka damu mara tatu mara nne ya ile ya kawaida, mshipa mzima unapanuka unaleta, ule uliobanwa hauwezi. Kwa hio vipimo vya kwanza havikudanganya, viliulizwa swali lingine.

Na kwa mtu wa sukari usingoje maumivu makali ya kwenye sinema. Sukari ikikaa miaka inaharibu mishipa ya fahamu, wengine moyo unakosa damu na hawasikii chochote zaidi ya kuchoka au kuhema. Mzee wako ana bahati kwamba anasikia.

Inavyofanyika: anawekewa sindano ndogo mkononi kama ya dripu, inaingizwa dawa kidogo sana yenye teknetiamu 99m, ndio inayotoa mionzi. Hio dawa inabebwa na damu inaingia ndani ya misuli ya moyo na kukaa hapo, palipo na damu nyingi inaingia nyingi, palipo na damu kidogo inaingia kidogo. Anasubiri kama saa moja hivi, analala kwenye kitanda chembamba, kamera ya gama, yaani ya kunasa hio mionzi, inazunguka karibu na kifua inapiga picha, yeye hasikii kitu. Halafu moyo unafanyishwa kazi, sindano ya pili inaingia wakati moyo uko juu kabisa, picha zinarudiwa. Daktari anaweka picha mbili juu na chini analinganisha. Sehemu ikiwa na giza wakati wa kazi lakini wakati wa kupumzika iko sawa, hapo mshipa umebanwa na misuli bado iko hai. Giza likiwa kwenye picha zote mbili, mara nyingi hilo ni kovu la shambulio la zamani, na kuna watu wanapata kovu hawajui hata lini walishambuliwa.

Magoti yasikutie hofu. Wengi tunaowapima hapa hawapandi mashine kabisa. Kuna dawa, adenosini au dipiridamoli au regadenosoni kutegemea kituo kina nini, inapanua mishipa ya moyo bila mtu kutembea hata hatua moja. Mishipa mizima inapanuka, uliobanwa ulikuwa umeshapanuka mwisho wake tangu zamani so hauna la kuongeza, tofauti inatokea kwenye picha. Atasikia joto usoni, kifua kizito, kuhema, tumbo kuchafuka, na atadhani anakufa lakini adenosini ikizimwa inaisha mwilini ndani ya sekunde tu, na hizo zingine mbili kuna sindano ya kuzikata. Mwambieni kabla, anayejua kitakachokuja hahangaiki. KAMA ANA PUMU mseme mapema, hizi dawa zinaweza kubana kifua vibaya, wanatumia dobutamini badala yake.

Kuhusu bomu nitarudi usiku, nina zamu.

HajatiWaBombo

Mwanangu mwambie baba asiogope, mimi nilipigwa hio skani Nairobi, mtoto wangu anafanya kazi huko ndio akanipeleka, na niko hapa napika mandazi.

Kitu ambacho hakuna aliyeniambia ni mikono. Wanakwambia inua mikono yote miwili juu ya kichwa ulale hivo bila kutingishika, na mimi bega la kushoto linaniuma miaka, sukari pia, ile dakika kumi na kitu niliona kama nimefungwa kamba. Mara ya pili yule kijana wa mashine akaniwekea mto chini ya kiwiko na kitambaa cha kushikilia, ikawa afadhali. So kama baba ana bega bovu aseme kabla hawajaanza maana ukitingishika picha inaharibika wanarudia.

Mimi sikukimbia, walinipa dawa. Uso ulipata moto kama nimechungulia sufuria la pilau, nikasoma shahada kimoyomoyo, kabla sijamaliza kuisoma mara ya tatu imeisha. Baada ya sindano wakaniambia nenda ule kitu chenye mafuta na maji mengi, ati ini lisafishe ile dawa lisifunike picha ya moyo, nikanunua sambusa nje ya geti. Hospitali gani tena inamwambia mgonjwa wa moyo akale mafuta, nilicheka.

Walinipa barua nitembee nayo kwa sababu nilikuwa narudi kwa ndege, wakasema mashine za mionzi uwanja wa ndege zinaweza kulia siku chache za kwanza. Hazikulia, lakini barua ninayo.

MtotoWaArua

Hajati asante sana, nimemsomea mzee hio ya sambusa amecheka kidogo, ni dalili nzuri. Fundi tunakusubiri kwa lile la bomu, na la anjio.

fundi_wa_gama

Nimerudi. Mzee asikilize hii vizuri.

Teknetiamu 99m nguvu yake inapungua nusu kila saa 6. Akichomwa saa nne asubuhi, saa kumi jioni imebaki nusu, saa nne usiku robo, kesho yake muda ule ule imebaki moja ya kumi na sita, na hapo sijahesabu ile inayotoka kwa mkojo na choo. Kwa wajukuu: siku ile asiwapakate masaa mengi, hasa mtoto mchanga na mama mwenye mimba, akae nao mbali kidogo, anywe maji, akikojoa amwage maji ya kutosha chooni na kunawa mikono. Kesho yake yeye ni babu wa kawaida. Hawaachii sumu kwenye vikombe wala kwenye mashuka.

Mionzi yenyewe, kipimo kizima cha mara mbili ni kama milisiveti (ndio tunapimia mionzi) 9 mpaka 12 hivi. Binadamu yeyote anapata wastani wa 2.4 kwa mwaka kutoka kwa ardhi, mawe, hewa na anga, hata akiwa amelala kwake Arua. So ni kama miaka minne au mitano ya hio ya kawaida kwa mkupuo mmoja, karibu sawa na CT ya tumbo ambayo watu wanaenda bila kuuliza hata swali. Sio sifuri, sitakudanganya. Ndio maana mtu wa miaka 25 mwenye kifua cha kuuma baada ya kubeba matofali hatumpeleki huko. Kwa mtu wa miaka 64 mwenye sukari na maumivu ya aina hio, kisichojulikana kuhusu mshipa wake ni hatari kubwa kuliko hio mionzi. Na vituo vyote vinavyoshika vitu hivi hapa Uganda lazima viwe na leseni ya Atomic Energy Council, wale wa serikali wanaosimamia mionzi, si kitu cha kufanyia kichochoroni.

Sasa jambo ambalo watu hawalijui na linatuumiza sisi kazini. Hio teknetiamu haiwekwi stoo kama Panadol. Inatoka kwenye jenereta, ni kama ndoo nzito ya madini ya risasi, ndani kuna molibdenamu 99, ndio inayozaa teknetiamu, iliyotengenezwa kwenye reakta, yaani mtambo wa nyuklia. Reakta za kazi hio duniani ni chache, mojawapo iko Afrika, SAFARI-1 pale Pelindaba Afrika Kusini. Molibdenamu nayo inapungua nusu kila saa 66, so jenereta inapoletwa inaanza kuchoka tangu iko kwenye ndege. Sisi tunaikamua asubuhi kwa maji ya chumvi, tunapata dozi za siku hio, na kila siku inayopita inatoa kidogo kuliko jana. Mkipewa tarehe fikeni. Mgonjwa asipotokea dozi yake haiwekwi mpaka kesho, inaozea kwenye chombo. Na kabla ya kusafiri pigeni simu muulize jenereta imefika na dawa ya moyo ipo, maana kamera inaweza kuwepo, Mulago kitengo cha nyuklia kipo, lakini kamera bila dawa ni kitanda tu.

La mwisho ni KAHAWA. Masaa 24 kabla, hakuna kahawa, hakuna chai ya majani, hakuna soda ya kola, chokoleti, vinywaji vya kuongeza nguvu. Kafeini inazuia adenosini kufanya kazi, mishipa haipanuki, picha inatoka nzuri na ni ya uongo. Hata ile kahawa wanayosema imetolewa kafeini inabaki nayo kidogo. Hata Panadol Extra ina kafeini ndani. Na hapa kwetu kuna mtego ambao maelekezo ya wazungu hayautaji: juzi juzi alikuja mzee mmoja amefunga vizuri, ameoga, kanzu nyeupe, namuuliza hujanywa chai? Hapana. Kahawa? Hapana mwanangu, sijaonja. Kumbe anatafuna. Mfukoni ana kile kifurushi cha mwanyi, zile punje za kahawa za kutafuna, kilichofungwa kwa gome la mgomba, tumeshakichomoa kimebaki punje tatu, alipewa na wageni jana yake na zingine ametafuna kwenye taxi ili asisikie njaa. Kwake yeye kahawa ni ile ya kikombe. Tukampa tarehe ingine na dozi yake ikapotea. Mko Kawempe kwa shangazi, najua wageni watakuja kumwona mgonjwa na kikapu cha mwanyi kitazunguka. Ficheni.

Boda_wa_Jinja

Sawa fundi, hio ya kilima nimeielewa. Lakini bado nauliza, mairungi (miraa) je? Maana wazee wa huku wanatafuna usiku kucha.

fundi_wa_gama

Mairungi inapandisha mapigo na presha yenyewe. Aache na amwambie daktari ukweli kama anatumia, hakuna atakayemshtaki pale.

nesi_wa_zamu

Nijibu la anjio kwa sababu nimefanya kazi kathlab, chumba ambacho anjio inafanyiwa. Uganda Heart Institute pale Mulago wana kathlab tangu 2012, so sio kwamba anjio haipatikani. Shida ni kwamba anjio inakuonyesha bomba limebanwa wapi, haikwambii moja kwa moja misuli inateseka kiasi gani. Nimeona mtu ana mshipa umebanwa kwenye picha unaogopesha na misuli yake inapata damu, na mwingine kinyume. Pia anjio unapitisha waya kwenye mshipa wa mkono au paja mpaka moyoni, na inatumia dawa ya rangi yenye ayodini ambayo kwa mtu wa sukari mwenye figo zilizochoka inaweza kuziumiza zaidi. Dawa ya skani ya nyuklia haina hio rangi. Kreatinini ya mzee, kile kipimo cha damu cha figo, mmepima? Kama hamjapima pimeni, bei yake ni ndogo ukilinganisha na hivi vingine. CT ya mishipa ya moyo nayo inatumia rangi hio hio, na mzee wa sukari ya miaka mingi mara nyingi mishipa imejaa chokaa mpaka CT haioni vizuri.

Halafu jamani tuondoe ile dhana kwamba skani ikitoka na doa basi kesho ni stenti, kale kabomba ka kufungua mshipa. Kulikuwa na utafiti mkubwa unaitwa ISCHEMIA, wagonjwa 5,179 katika nchi 37, matokeo yalichapishwa 2020. Watu wenye maumivu yaliyotulia kama ya huyu mzee na vipimo vinavyoonyesha damu haifiki, nusu walipelekwa anjio na stenti au upasuaji pamoja na dawa, nusu walipewa dawa nzuri kwanza. Vifo na mashambulio ya moyo kwa jumla havikutofautiana. Waliowekewa stenti maumivu yao yalipungua zaidi, hilo ni kweli na ni faida, lakini haikuwa kwamba wa dawa walikufa zaidi. Waliokuwa na mshipa mkuu wa kushoto umebanwa hawakuingizwa kwenye utafiti, wala wale ambao maumivu yanakuja hata wamelala, hao ni habari nyingine na wanakimbizwa. Kwa hio skani inasaidia kujua ukubwa wa tatizo, doa dogo mtu anakaa na aspirini, statini ya kolesteroli, dawa ya presha na mazoezi, doa kubwa linalochukua upande mzima ndio tunaanza kuongea lugha ya waya.

Na skani ikitoka safi msitupe dalili. Kuna wakati mishipa yote mitatu imebanwa sawasawa, kamera inalinganisha sehemu na sehemu, haioni tofauti, inasema sawa. Sio mara nyingi lakini ipo. Daktari anaangalia picha pamoja na mzee mwenyewe.

HajatiWaBombo

Nesi Mungu akubariki. Mimi nilipewa dawa tu, stenti hakuna, na ngazi za nyumba ya mwanangu napanda.

MtotoWaArua

Ndugu zangu sina cha kuwalipa. Nimemsomea yote, ile ya moja ya kumi na sita nimeirudia mara kadhaa, amechukua karatasi akapiga hesabu mwenyewe, alikuwa mwalimu wa hesabu kabla hajastaafu, akasema hesabu iko sawa basi twende. Hivo tu. Mwanyi za shangazi nimezihamishia kwa jirani.

Tumepiga simu, dawa ipo, tumepewa Alhamisi saa mbili asubuhi, wamesema asile kuanzia saa kumi usiku. Sasa swali langu la mwisho, anatumia metformini na insulini jioni na asubuhi, na atenololo ya presha. Asimeze? Amepata hofu sukari itashuka akiwa na njaa huko ndani.

nesi_wa_zamu

Atenololo MSIIKATE wenyewe. Vituo vingine wanataka isimame siku moja au mbili kabla, hasa kama ni mashine ya kukimbia, vingine wakitumia dawa ya kupanua wanaacha iendelee, na kuikata ghafla kwa mtu mwenye kifua kinachobana ni hatari. Pigia daktari aliyeandika karatasi, leo, sio Jumatano usiku. Insulini ya asubuhi vile vile uliza yeye, mtu asiyekula hapigi dozi yake nzima, kwa kawaida wanaipunguza au inangoja chakula. Metformini haina ugomvi na dawa ya skani, ni ile rangi ya CT na anjio ndio inayoleta maswali, lakini tumbo tupu atasubiri ale.

fundi_wa_gama

Na aje na glukomita yake, kale kamashine ka kupima sukari, nasi tunapima lakini yake anaijua. Aje na orodha ya dawa zote zikiwa kwenye pakiti zake, sio kwenye karatasi ya kaki moja zimechanganywa. Avae shati la vifungo mbele, mikono mifupi, bila vyuma kifuani. Siku nzima itaisha hapo, kusubiri ni kwingi kuliko kupimwa, so wewe beba chakula chako na chake: chapati na yai viko sawa, atakula tukimruhusu. Chai hapana mpaka picha za mwisho zimetoka na tumeziangalia.

MtotoWaArua

Maziwa matupu bila majani ya chai je? Anauliza yeye, yuko hapa pembeni.

fundi_wa_gama

Maziwa matupu ruksa, tukishamchoma. Mengi kabisa.